Nairobi hadi New York: umbali mmoja, saa tofauti

SWALI: Mhariri, binti yangu anasoma New York, nami natarajia kumtembelea mwezi wa Desemba. Nimesoma kwamba umbali kutoka Nairobi ni takriban kilomita 11,850, na kwamba ndege kubwa huenda kilomita 900 kwa saa, yaani safari ya saa 13 na dakika chache. Mbona safari ya moja kwa moja hutajwa kuwa ya saa 15 kwenda na 14 kurudi, ilhali nikitazama saa za kuondoka na kufika naona tofauti ya saa 7 tu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, ila umbali huo ni wa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ukivuta uzi juu ya tufe kati ya miji hiyo miwili, hautakata misitu ya Kongo kama ramani ya ukutani inavyotufanya tudhani, bali utapita Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Morocco, ndipo uingie Atlantiki. Ndege haifuati uzi huo sawasawa, kwa kuwa hupangiwa njia za anga na hulazimika kukwepa dhoruba.

Sababu kubwa zaidi, hata hivyo, ni upepo. Katika latitudo za kati, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 ambako ndege hizi huruka, kuna mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, nao huzidi nguvu wakati wa baridi ya kaskazini, yaani majira yale yale utakayosafiri. Kilomita 900 ulizozitaja ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, si juu ya ardhi: upepo wa kilomita 100 kwa saa ukiikabili, husogea kilomita 800 tu, na ukiisukuma kutoka nyuma, 1,000. Tena ratiba huhesabu muda tangu ndege inapoanza kusogea kutoka maegeshoni hadi inaposimama kabisa, pamoja na kupanda na kushuka, ambako mwendo huwa mdogo.

Ama zile saa 7, hizo ni za saa ya ukutani. Chukua mfano wa ndege inayoondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kutua saa 12:25 asubuhi kwa saa za New York. Mwezi wa Desemba New York huwa nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo inapotua, Nairobi ni saa 8:25 mchana, na saa 15 zimetimia. Kati ya Machi na Novemba mapema, Wamarekani wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele, tofauti hupungua kuwa saa 7. (Kuondoka usiku kuna faida yake pia: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na baridi ya usiku huisaidia ndege iliyosheheni mafuta kupaa.)

Ukimwarifu binti yako wakati wa kukupokea, mtajie saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi bila kuongeza wala kupunguza, kwa kuwa hiyo tayari ni saa ya huko.