Michango ya kung'oa magugu maji: msiimalize siku ya kwanza

Nimekuwa mweka hazina wa kamati ya mwalo wetu, yaani ufukwe wa kupakulia samaki, kwa miaka minne, kusini mwa mji wa Kigoma, upande ambako mto Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika. Kwenu mnaotaka kuchangisha fedha za kupambana na magugu maji, naomba mnisikilize kabla hamjagusa hata shilingi moja.

Mwaka wa kwanza tulipata fedha nyingi kwa mpigo. Wenye vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, walichanga, wachuuzi wa dagaa walichanga, mfadhili akaongezea. Tukafanya siku kubwa ya usafi: fulana, wali na nyama, muziki, viongozi. Jioni ghuba ilikuwa nyeupe, na kasha la fedha nalo tupu. Msimu haujaisha, kijani kikawa kimerudi pale pale. Mama mmoja anayeanika dagaa akaniuliza mbele za watu, "Mwanangu, hela yangu imeenda wapi?" Nilinyamaza. Swali lake bado ninalo moyoni.

Gugu maji huzaliana kwa machipukizi, na mbegu zake zinaweza kulala kwenye tope hata miaka 20 kisha zikaota. Fedha ya siku moja haiwezi kulimaliza. Inayofaa ni ile inayorudi.

Sisi mchango wetu tuliufunga kwenye giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi. Dagaa huvuliwa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, vipe vinapumzika. Basi kila kipe kinatoa shilingi 3,000 mwisho wa giza, siku ya mahesabu, kabla mabaharia hawajagawana. Siku za mbalamwezi watu wote wako nchi kavu, ndipo tunaingia majini na reki na mapanga. Anayetoa anapewa risiti, na matumizi yanabandikwa pale pale dagaa wanapouzwa, kila mtu asome. Tangu tuanze kubandika, sijamfuata mtu nyumbani kudai mchango. Wekeni pia akiba. Uvuvi ziwani ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mchango wa giza ulikatika, na magugu yakaendelea kukua. Akiba ndiyo iliyowalipa vijana wanaong'oa.

Jambo lililotuumiza vichwa zaidi ni majirani. Kusi ikivuma, magugu ya mialo ya kusini yanakuja kwetu. Tungeng'oa hadi tuzeeke! Tukakaa na mialo miwili, tukafungua akaunti moja yenye watia saini watatu, mmoja kila mwalo, na tukakubaliana fedha ianze kutumika yanakotokea magugu, hata kama si ufukweni kwako. Wavuvi wetu walilalamika sana: kwa nini hela yetu ikasafishe kwa wengine? Niliwapeleka kwa boti wakaone wenyewe. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili kwa pamoja mwaka 2003. Mialo mitatu ya wilaya moja inashindwaje kukaa meza moja?

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: haina riba, lakini inarejeshwa. Msiikope kwa kung'oa magugu, maana kazi hiyo haizalishi marejesho. Kwa mfadhili ombeni vifaa vinavyodumu, kama boti, mabuti, glavu na toroli. Posho ya kila mwezi itoke kwenye michango yenu, ili mfadhili akiondoka kazi isisimame.

Wale wadudu, mbawakawa, waliotumika Ziwa Victoria kupunguza magugu maji wanakula gugu kweli, ila msiwabebe wenyewe kuwaleta huku. Muoneni kwanza afisa uvuvi, awaunganishe na watafiti.

Na tengeni fedha ya kubebea. Hili tulilisahau miezi mingi. Magugu yaliyorundikwa ukingoni hurudishwa na wimbi la kwanza. Yapelekeni mbali na maji, yaozeshwe yawe mbolea. Kwetu toroli mbili zinatosha, na wanaozisukuma hulipwa jioni ile ile.