Uliza Mama Mhariri: Kesi inayofunguliwa ili ikuchoshe

SWALI: Shikamoo mama. Mimi kijana wa Tanga, natangaza redio ya jamii. Juzi kijiweni tulibishana sana kuhusu yule mtu wa Florida, Marekani, ambaye mwaka 2010 WikiLeaks, ule mtandao wa kuanika nyaraka za siri, walipoanza kumwaga nyaraka za balozi za Marekani alikwenda mahakamani kuwashtaki wao na mwanzilishi wao Julian Assange, anadai dola milioni 150, anasema afya yake imeharibika kwa hofu ya vita ya nyuklia. Wenzangu walicheka, mimi nikaogopa. Kama mtu wa kawaida tu aliyekaa kwake anaweza kushtaki, si hata sisi siku tukisoma hewani barua ya serikali iliyovuja atatokea yeyote tu atushtaki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kufungua kesi anaweza yeyote, hapo tusidanganyane. Unaandika hati ya madai, unalipa ada pale masijala, wanagonga muhuri wanaipa namba, tayari ni kesi. Shughuli ni kuifikisha mbali. Mahakama za shirikisho za Marekani zinamuuliza mdai, wewe binafsi umeumia nini, na aliyekuumiza ni huyu uliyemleta hapa? Hofu ya vita ambayo haijatokea, hofu ambayo wewe na jirani yako na dunia nzima mnayo sawasawa, haivuki hapo mlangoni. Tena mtu akisaini madai ya hovyo, Kanuni ya 11 ya mwenendo wa madai kule inamruhusu jaji kumpiga faini. Kwa hiyo mdai wa namna ile hanikoseshi usingizi, na kumcheka simcheki, maradhi si mchezo.

Anayenikosesha usingizi ni mdai mwenye mfuko. Yule anayejua kabisa kesi yake haina miguu ila anafungua tu, manake anajua wewe huna hela za kumlipa wakili miaka mitatu. Na serikali ndo mwenye mfuko kuliko wote, mawakili wake wanalipwa kwa kodi.

Chukua Uingereza miaka ya themanini. Peter Wright, afisa mstaafu wa MI5, idara ya ujasusi wa ndani ya Uingereza, alihamia Tasmania kule Australia akaandika kitabu cha kumbukumbu zake za ujasusi. Serikali ya Margaret Thatcher ikaenda kuzuia kitabu mahakamani Sydney mwaka 1986, ikamtuma mpaka katibu wa baraza la mawaziri, Robert Armstrong, akatoe ushahidi, na humo ndani wakili kijana Malcolm Turnbull, huyuhuyu aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Australia mwaka 2015, akambana na maswali kuhusu barua moja mpaka mzee akatamka yale maneno Waingereza wanayoyakumbuka hadi leo, kwamba labda ni kuutumia ukweli kwa ubahili. Machi 1987 serikali ikashindwa. Ikakata rufaa, ikashindwa tena, ikapanda juu zaidi, ikashindwa tena. Na kule kwao London ilikuwa imeshachukua zuio dhidi ya magazeti ya Guardian na Observer wasichapishe yaliyomo.

Sasa sikiliza hapa. Julai 1987 kitabu kikatoka Marekani, kikauzwa kama njugu. Mwingereza anashuka kwenye ndege nacho mkononi, forodha hawamzuii, anapanda basi anakisoma mbele za watu, lakini gazeti la London likinukuu ukurasa mmoja wa kitabu hichohicho linaambiwa limedharau mahakama. Siri gani hiyo inayosomwa kwenye basi? Majaji wa juu kabisa wa Uingereza walikuja kuondoa zuio Oktoba 1988, na mwaka 1991 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, Strasbourg, ikasema kuendelea kuzuia magazeti baada ya kitabu kutoka Marekani kulivunja uhuru wa habari. Magazeti yalishinda, sawa, ila hesabu mwenyewe, ni miaka miwili na ushee mhariri anaamka asubuhi anamuuliza wakili leo niandike nini.

Wengine watanitajia zile nyaraka za Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani. Ile siiti kesi ya hovyo, hata majaji 3 kati ya 9 walisimama na serikali. New York Times walianza tarehe 13 Juni 1971, utafiti wa siri wa vita ya Vietnam, kurasa kama 7,000 ambazo Daniel Ellsberg, mmoja wa walioufanya utafiti huo, alizitoa kopi usiku usiku, serikali ya Nixon ikapata zuio, Mahakama ya Juu ikaliondoa tarehe 30 Juni. Siku 17 mwanzo mwisho, na mimi nikifananisha na miaka ya London naona kabisa kasi ya mahakama nayo ni haki. Na mwaka 1989 Erwin Griswold, yule aliyesimama mbele ya majaji kuitetea serikali, akaandika mwenyewe gazetini kwamba hajaona hata dalili ya hatari kwa usalama wa taifa iliyotokana na kuchapishwa kule.

SWALI: Mama hujambo, mimi wa Mombasa. Mwaka 2008 nilikuwa natafuta ile ripoti ya Kroll kwenye WikiLeaks, nikakuta anwani haifunguki kabisa. Mpaka leo naamini ni serikali yetu iliizima. Ni kweli?

JIBU: Sijambo mwanangu, na nimefurahi umeuliza manake wengi waliamini hivo. Tuwakumbushe wasomaji wetu, ripoti ya Kroll, kampuni ya uchunguzi, ilitengenezwa kwa kuombwa na serikali ya Kibaki ili kufuatilia mali inayodaiwa kutoroshwa enzi za Moi, ikakaa kabatini, WikiLeaks wakaitoa mwaka 2007.

Aliyeizima ile anwani hakuwa Nairobi. Ni benki ya Uswisi, Julius Baer, iliyokasirishwa na nyaraka za tawi lake la visiwa vya Cayman. Februari 2008 ilikwenda mahakama ya San Francisco, ikawashtaki WikiLeaks pamoja na Dynadot, kampuni ndogo ya California iliyosajili ile domeini, yaani jina la tovuti. Dynadot wakakubaliana na benki, wakaambiwa wafunge jina lote, jaji Jeffrey White akasaini. Yaani benki inagombana na karatasi zake chache, na wewe Mombasa unanyang'anywa ripoti ya nchi yako ambayo haihusiani na hiyo kesi hata kwa nukta moja. Hebu kumbuka na wakati wenyewe, nchi ilikuwa inawaka baada ya uchaguzi, ndo saa ambayo Mkenya alihitaji kusoma kila karatasi ya serikali anayoweza kuipata.

Namba ya seva ilikuwa bado inafanya kazi, aliyejua kuichapa aliingia, ila wangapi tulijua? Mashirika ya habari na ya haki za raia yakaenda mahakamani kulalamika, na tarehe 29 Februari, siku moja baada ya Kibaki na Raila kusaini makubaliano mbele ya Kofi Annan, jaji White akafuta amri yake. Siku chache mbele benki ikaondoa kesi yenyewe. Na nyaraka ilizotaka zifichwe zilikuwa zimesomwa na watu wengi kuliko kabla haijashtaki.

SWALI: Shikamoo. Niko Dar, tunaendesha kijarida chetu wawili tu. Samansi ikija tufanyeje? Tufute habari tuombe radhi yaishe?

JIBU: Marahaba. Nikuambie yaliyonikuta mimi. Miaka hiyo nilikuwa kwenye kigazeti kidogo, tulichapisha barua ya ofisi moja ya umma kuhusu zabuni, karani akaleta samansi mchana tuko na mafungu ya gazeti mlangoni. Mdai alikuwa mtu ambaye jina lake halimo kabisa kwenye ile barua. Kesi ilikwenda miaka mitatu, leo mensheni, yaani kutajwa tu, kesho wakili wa upande wa pili anaumwa, keshokutwa faili halionekani, na kila safari nauli na hela ya wakili vinatoka kwenye pesa ya karatasi. Mwisho mdai hakutokea, kesi ikatupwa. Tulishinda, na mwezi uleule gazeti likafungwa kwa kukosa hela ya kiwanda. Mwenzangu alilia pale kwenye benchi la korido na mimi sikuwa na neno la kumwambia.

Kwa hiyo msikae kimya. Kwa Tanzania mna siku 21 tangu mpokee samansi kupeleka utetezi wa maandishi, mkilala anapata hukumu ya upande mmoja hata kama madai yake ni upuuzi mtupu. Mwambieni wakili aangalie mapema Amri ya VII kanuni ya 11 ya sheria ya mwenendo wa madai, hati isiyoonyesha sababu ya kudai inaweza kukataliwa mwanzoni kabisa. Wenzetu Kenya wana Amri ya 2 kanuni ya 15, inaruhusu kufuta madai ya upuuzi au ya kusumbua. Afrika Kusini mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilikubali mtu ajitetee kwa kusema kesi hii imeletwa kuninyamazisha tu. California wana sheria yao tangu 1992, kesi ya namna hiyo ikitupwa aliyeshtaki analipa gharama za wakili wa aliyeshtakiwa, na hapo ndo ninapotamani sisi tufike. Ulaya nao walipitisha yao mwaka 2024, baada ya Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa habari wa Malta, kuuawa kwa bomu la gari mwaka 2017 akiwa na kesi zaidi ya 40 mgongoni.

Hayo ni ya madai. Ya jinai ni habari nyingine na sitaki mchanganye, sheria za siri za serikali zina kifungo, kwa hiyo kabla ya kuchapisha mwoneeni wakili, msisubiri samansi.

Na kufuta habari, kama ni kweli, msifute. Ile nakala ya barua tuliyochapisha ninayo mpaka leo, ina muhuri wa gazeti na muhuri wa mahakama kama kielelezo.