Doa Jeupe Kwenye Jino Bado Linatibika

Wengi wetu humpeleka mtoto kwa daktari wa meno jino likiwa limekwisha kutoboka, ilhali kuoza huanza mapema zaidi, tena kwa rangi nyeupe. Kwa mwanangu ulikuwa mstari mweupe usiong'aa, mithili ya chaki, uliofuata ufizi wa meno ya mbele ya juu. Meno yakiwa na mate ulifichika. Daktari alipoyakausha kwa pamba ukajitokeza wazi. Alitueleza kwamba tundu lilikuwa halijatokea, na kwamba katika hatua hiyo jino huweza kurudishiwa madini bila kuchongwa wala kuzibwa.

Bakteria walio kwenye ukoga hutumia sukari na kutoa asidi. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kikifika chini ya 5.5 hivi, kalisi na fosfeti huanza kutoka kwenye tabaka gumu la nje ya jino, na mate yakipewa nafasi huyarudisha. Floridi, madini yanayotiwa kwenye dawa nyingi za meno, huharakisha kurudi huko, na sehemu iliyojengeka ikiwa nayo hustahimili asidi kuliko ya awali. Ndiyo maana chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo asubuhi nzima huumiza meno kuliko kikombe kimoja kinachonywewa mara moja pamoja na chakula.

Angalia nyuma ya tyubu dawa ya meno iwe na floridi ya 1000 hadi 1500 ppm (sehemu kwa kila milioni). Mtoto wa chini ya miaka 3 hutosheka na kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Mswaki wa usiku usikosekane. Baada ya kupiga mswaki ateme povu, lakini asisukutue kwa maji, kwa sababu akisukutua huiondoa floridi kabla haijafanya kazi. Nyumbani kwetu hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa kuwa sote tumekua na kikombe cha maji kando ya mswaki.

Najua wazazi wa Arusha, hasa wanaoishi chini ya Mlima Meru, huiogopa floridi, na wana sababu: maji ya huko huwa nayo nyingi, na meno ya kahawia ni ushahidi. Lakini madhara hayo hutokana na kuimeza kwa miaka mingi wakati meno ya ukubwani yanajengeka. Kwa hiyo yashughulikiwe kwanza maji ya kunywa, na mtoto asimamiwe ili ateme. Anayetaka dawa isiyo na floridi anaweza kutumia yenye haidroksiapataiti, yaani madini ya aina ile ile inayojenga jino, ingawa ushahidi wa floridi ni wa muda mrefu zaidi. Zipo pia krimu za kurudishia jino madini; zinazotengenezwa kwa protini ya maziwa hazimfai mwenye mzio wa maziwa.

Muulize pia daktari kuhusu vanishi ya floridi, dawa ya kunata yenye floridi ambayo hupakwa kwenye meno kliniki. Doa huenda lisifutike kabisa. Dalili njema ni uso wa jino kuwa laini na kung'aa tena. Usilichokonoe kwa kijiti wala pini, kwani tabaka jembamba lililolifunika likivunjika, tundu huwa limefunguka.