Divelopa wawili, Sacco moja, maikrosavisi 11 za nini?

Swali: Tuko divelopa wawili hapa Mbale, tunajenga programu ya Sacco ya wanachama kama 4,000: akiba, mikopo na malipo ya simu. Konsaltanti ametuchorea maikrosavisi 11 (programu ndogo ndogo zinazojitegemea na kuongea kwa mtandao) juu ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu nyingi kwenye sava nyingi), anasema programu moja itatulemea tukikua. Ni kweli?

Jibu: Si kweli ndugu yangu, na hili swali linanifikia kila mara mpaka nimechoka, sio na nyinyi, nimechoka na hao wanaowachorea. Jengeni programu moja, databesi moja ya PostgreSQL, ndani mgawe moduli, yaani sehemu kila moja na kazi yake, na moduli ya mikopo isiguse yenyewe meza (majedwali ya data) za akiba, ipitie mlango mliouweka. Siku moduli moja ikihitaji kweli kusimama peke yake itang'oka bila shida maana mipaka ilikuwepo tangu mwanzo.

Kinachoniudhi ni hii imani kwamba maikrosavisi ndo kukua. Programu moja inakua vizuri tu, unawasha nakala zake mbili tatu kwenye sava tofauti, basi, na watu 4,000 hawaichoshi hata sava moja ya kawaida. Maikrosavisi zinasaidia zaidi shida ya watu, timu nyingi za mainjinia zinazokanyagana ndani ya programu moja. Netflix databesi yao iliharibika 2008 ndo wakaanza kuhamia klaudi, yaani sava za kukodi mtandaoni, huku wakivunja programu yao, wakamaliza 2016, na hao hawakuwa mainjinia wawili! Halafu 2023 timu moja ya Prime Video ya Amazon ikaeleza ilivyorudisha kazi ya kukagua ubora wa video kutoka vipande vipande kuwa programu moja, gharama ya mitambo ikashuka zaidi ya 90%.

Sasa chukua mwanachama anayelipa mkopo 50,000 kutoka kwenye akiba yake. Kwenye databesi moja hiyo ni transakshoni moja, akiba ipungue na deni lipungue, au visiguswe vyote. Ukiweka savisi mbili kila moja na databesi yake, akiba imeshakatwa, mtandao unapotea, savisi ya mikopo haina habari. Niliitwa kwenye Sacco moja nikakuta hivo hivo, mama amesimama dirishani na kitabu chake mkononi, akiba imekatwa, deni liko vilevile, na kijana wa watu anapekua logi (kumbukumbu za matukio) za savisi sita kutafuta hela imeishia wapi, siku mbili nzima, aliyechora alishalipwa akaenda zake.

Muda wa Kubernetes upelekeni kwenye malipo ya simu, maana ujumbe wa uthibitisho unaweza kuja mara mbili, na kama namba ya muamala si ya kipekee kwenye meza mtu ataongezewa akiba mara mbili.

Na wengine mnaosoma, konsaltanti akiwaletea mchoro kabla hajauliza mko wangapi, nani ataamka usiku sava ikilala, na klaudi inayodai dola mtailipaje nyinyi mnaokusanya shilingi, huyo anawauzia mchoro wa mtu mwingine. Mwambieni awapigie simu palepale wanaoendesha mfumo aliowajengea mwaka jana, timu ndogo kama yenu, na muongee nao wenyewe kabla ya kumlipa hata shilingi.