Ubao mmoja orofa ya tatu? Usipande

Kaka, umesema msimamizi wenu hapo Nyali anataka mpige plasta orofa ya tatu mkisimama juu ya ubao mmoja, bila reli ya kuwazuia msianguke. Usipande. Mweleze hatari hiyo mbele ya wenzako. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haimruhusu mwajiri kukurudisha mahali pa hatari kubwa kabla hajaparekebisha.

Mbao zijae upana wote wa jukwaa mnalosimamia na zifungwe ncha zote mbili. Reli iwe usawa wa kiuno. Vibano vya chuma vinavyoshika nguzo za jukwaa vikague kimoja kimoja: chumvi ya bahari yetu huvila kwa ndani huku rangi ya juu ikipendeza. Na mvua ya kusi ikinyesha usiku, asubuhi anzeni na miguu ya jukwaa, maana mchanga huwa umeshadidimia upande mmoja.