Uliza Ujibiwe: Zabuni za Kaunti, Makaratasi Kwanza na Bei Baadaye

Mwezi huu tumejibu wasomaji wanaotaka kuuza bidhaa na huduma kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Maswali mengi yalifanana, kwa hiyo tumeyaunganisha.

Asalaam aleikum. Nina duka la vifaa vya ofisi. Nasikia kaunti inanunua karatasi na wino kila mara, lakini sijaona tangazo hata moja. Hizi tenda hutangazwa wapi, au zina wenyewe? (Bi S., Majengo)

Waaleikum salaam, Bi S. Huenda hukuona tangazo kwa sababu halikuwapo, na sheria haikuvunjwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, pamoja na kanuni zake za 2020, inaruhusu bidhaa zisizozidi shilingi milioni 3 zinunuliwe kwa maombi ya bei. Afisa wa ununuzi huchukua majina kutoka orodha ya wauzaji waliosajiliwa, akawapelekea wasiopungua watatu fomu ya bei, na aliyetimiza masharti kwa bei ya chini akapewa kazi. Kwa ujenzi na ukarabati kikomo ni milioni 5. Rimu za karatasi, wino, sabuni na chai ya mikutano hupita mlango huu karibu kila mara, na asiye kwenye orodha haulizwi.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni usajili. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na matangazo ya kusajili wauzaji hutoka zaidi kuelekea tarehe hiyo. Orodha yenyewe yatakiwa kuhuishwa mara kwa mara, kwa hiyo ukikosa tangazo nenda ofisi ya ununuzi ukaulize utaratibu. Kila kundi la bidhaa lina namba yake. Chagua mawili au matatu unayoyauza kweli. Muuza karatasi anayejiandikisha pia kwa dawa, matairi na uchimbaji wa visima hamshawishi mtu.

Zabuni kubwa za wazi hutangazwa kwenye tovuti ya kaunti, kwenye tenders.go.ke na katika gazeti la MyGov linalotoka Jumanne. Muda wa kujibu huwa mfupi, wiki moja au mbili, kwa hiyo anayetazama mara moja kwa mwezi atakuta nyingi zimefungwa. Kuna pia eGP, mfumo wa Hazina ya Taifa wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao. Ulipofanywa wa lazima mwaka 2025, kesi zilifika mahakamani. Tangazo lenyewe ndilo litakuambia kama unapeleka bahasha au unapakia mtandaoni, na huna haki ya kuchagua.

Usiitazame kaunti peke yake. Mamlaka ya Bandari, kampuni ya maji ya MOWASSCO, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani nazo hununua. Kila ofisi hutoa matangazo yake, na kusajiliwa kwa mmoja hakukuingizi kwa mwingine.

Ama kuhusu zabuni kuwa na wenyewe, hatutasema hazipo. Lakini nyingi tunazoziona zikipotea zimepotezwa na mzabuni mwenyewe, kama utakavyosoma chini.

Mimi na dada yangu tuna kampuni ya usafi. Mume wangu ni mkurugenzi wa tatu na ana hisa 20 kwa 100. Tuliomba cheti cha AGPO, mpango wa kuwapa vijana, wanawake na wenye ulemavu nafasi katika zabuni za serikali, upande wa wanawake tukakataliwa. Kwa nini, na sisi ndio wenye kampuni? (Mama W., Likoni)

Hisa hazina tatizo, Mama W. Masharti ni mawili. La kwanza, kundi lenye haki limiliki angalau asilimia 70, nanyi mna 80. La pili, uongozi wote uwe wa kundi hilo, asilimia 100. Mumeo ni mkurugenzi, na hapo ndipo mlipokwama. Anaweza kubaki na hisa zake, lakini jina lake litoke kwenye ukurugenzi. Badilisheni kwa Msajili wa Kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mtoe CR12 mpya, yaani hati inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa, kisha muombe tena. Kwa upande wa vijana, umri ni miaka 18 hadi 35, na sharti la uongozi ni lilelile.

Cheti kina thamani. Asilimia 30 ya ununuzi wa kila ofisi ya umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Katika zabuni hizo hamtadaiwa dhamana ya benki, bali mtajaza fomu ya kiapo cha zabuni iliyo ndani ya kabrasha, yaani nyaraka za zabuni. Isaini. Wapo wanaoiacha tupu wakidhani cheti kinatosha, nao hutupwa nje. Mbali na hayo, sheria inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 20 kwa wakazi wake, kwa hiyo hakikisheni anwani ya kampuni na leseni ya biashara zinaonyesha mko Mombasa.

Niliomba zabuni ya kuleta viti vya shule za chekechea. Siku ya kufungua bahasha bei yangu ilisomwa na ilikuwa ya chini kuliko zote. Akapewa mwingine. Je, huu si ufisadi? (Ndugu K., Kisauni)

Inawezekana, lakini kwanza soma barua uliyoletewa. Sheria inataka ofisi iwaarifu wote walioshindwa na iwape sababu. Kama barua inasema tu "hukufaulu", andika uombe sababu siku hiyohiyo, maana kuna saa inayohesabu, nayo tutaieleza mbele.

Bei ya chini hushinda kati ya waliofika hatua ya bei. Kabla yake kuna hatua mbili. Ukaguzi wa awali ni wa ndiyo au hapana: kila karatasi iliyotakiwa ipo au haipo. Ukaguzi wa kiufundi hutazama uwezo, yaani kazi ulizowahi kufanya, hesabu za fedha, sampuli. Anayeanguka hatua ya kwanza bei yake haiangaliwi hata kama ni nusu ya ya mshindi. Na hatua ya kwanza ndiyo inayoua wengi.

Chukua kabrasha lako ulipitie upya. Kurasa zote zina namba zinazofuatana, tangu ya kwanza hadi ya mwisho? Sheria imetaja jambo hili waziwazi, na huhusu pia viambatisho, vyeti na karatasi za kutenganisha sehemu. Ukiandika 1 hadi 40 kisha ukaanza tena 1 kwenye viambatisho, umeanguka. Tumia mashine ya kugonga namba, na uzigonge baada ya kila kitu kuingia, si kabla.

Cheti cha kodi cha KRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hudumu miezi 12, lakini kinachoangaliwa ni kama kilikuwa hai siku ya kufungua zabuni, nao hukihakiki mtandaoni. Leseni ya biashara iwe ya mwaka huu. CR12 iwe ya karibuni, kwa muda uliotajwa. Aliyesaini awe mkurugenzi, ama kuwe na hati ya uwakilishi inayompa mamlaka. Halafu fomu: fomu ya zabuni yenyewe, dodoso la siri la biashara, tamko kwamba hukupanga bei na wengine, na matamko mawili, SD1 kwamba hujafungiwa na SD2 kwamba hutashiriki ufisadi. Fomu isiyokuhusu usiing'oe. Andika kwamba haihusiki, uisaini, uiache mahali pake.

Dhamana ya zabuni, inapotakiwa, haizidi asilimia 2. Kinachowaangusha watu ni tarehe. Kabrasha likisema dhamana ipite muda wa uhalali wa zabuni kwa siku 30, dhamana iliyopungukiwa na siku moja haina kazi. Hesabu mwenyewe kwenye kalenda, usimwachie karani wa benki.

Kisha hesabu za bei. Hapa watu hawaamini mpaka yawafike. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Ununuzi kinasema bei iliyosomwa siku ya kufungua ndiyo ya mwisho, hairekebishwi na yeyote. Viti 120 kwa shilingi 3,500 ni 420,000. Ukiandika kwa bahati mbaya 402,000 kwenye fomu ya zabuni, bei yako ni 402,000, na tofauti ya 18,000 ni hasara yako. Ukikosea kwenda juu, utashindwa na jirani ambaye ungemshinda.

Jambo jingine ni maswali. Ukiona sharti lisiloeleweka, au linalotaja chapa moja tu ya kiti, andika kuuliza kabla ya tarehe ya mwisho ya maswali. Jibu huwafikia wazabuni wote kwa nyongeza ya kabrasha. Nyongeza hiyo nayo ni sehemu ya zabuni, kwa hiyo endelea kuchungulia tovuti mpaka siku ya mwisho.

Na ufike mapema. Bahasha ikichelewa haifunguliwi, hurudishwa kama ilivyo, na foleni ya feri ya Likoni haikubaliki kama udhuru. Ukishaitumbukiza, kaa ushuhudie ufunguzi. Andika bei za wote, na uombe nakala ya kumbukumbu za kikao.

Sasa ile saa. Ukiona umeonewa, una siku 14 tangu kuarifiwa kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma. Ndani ya siku hizo mkataba na mshindi haupaswi kusainiwa. Bodi huamua kwa siku 21, na asiyeridhika huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14 nyingine. Kuna ada, na wakili pia anataka chake, kwa hiyo kwa zabuni ya viti vya shilingi laki nne pima kama inafaa. Siku ya 15 mlango umefungwa, hata hoja yako iwe nzito vipi.

Kuna bwana amenipigia akisema yuko ofisi ya ununuzi, ameniletea kwa WhatsApp LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, ya mchele magunia 200, ila nitume "ada ya kuifungua" kwanza. (Muuza nafaka, Kongowea)

Usitume. Hakuna ada ya kufungua LPO. Chukua namba iliyo juu ya karatasi, nenda mwenyewe ofisini wakuthibitishie kama imetoka kwenye IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali. Mtindo mwingine wa matapeli hao ni kukuelekeza ushushe mzigo kwenye ghala fulani, na ukirudi kudai ghala ni tupu. Na kama bwana huyo kweli ni mtumishi wa umma, basi anachokuomba ni rushwa. Sheria ya Rushwa ya 2016 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji, na mzabuni anaweza kufungiwa zabuni zote za serikali kwa miaka isiyopungua mitatu.

Nimeshinda maombi ya bei ya vifaa vya hospitali, shilingi 500,000 kabla ya VAT. Rafiki zangu wananitisha kwamba sitalipwa. Nifanye nini nisije nikafilisika? (Bw. A., Changamwe)

Rafiki zako wanajua wanachosema. Madeni ya wauzaji katika kaunti nyingi hukaa miaka, na mzabuni mpya hufilisika zaidi kwa kushinda kuliko kwa kushindwa.

Anza na hesabu ya kitakachokufikia. Kama umesajiliwa VAT, ankara yako ni 500,000 na 80,000 ya VAT, jumla 580,000. Mlipaji atakata VAT ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa na kupelekwa KRA, asilimia 2 ya 500,000, yaani 10,000. Atakata kodi ya zuio ya bidhaa asilimia 0.5, yaani 2,500. Atakata tozo ya ununuzi wa umma asilimia 0.03, yaani 150. Zitaingia benki 567,350. Zile 10,000 na 2,500 huhesabiwa kwenye kodi yako baadaye, kwa hiyo tunza vyeti vyake. Lakini VAT ya ankara hiyo KRA huidai mwezi unaofuata, iwe umelipwa au hujalipwa. Hapo ndipo wengi huingia kwenye deni la kodi, cheti chao kikakataliwa, na zabuni inayofuata wakaanguka.

Usishushe hata boksi moja kabla ya LPO iliyosainiwa kufika mkononi. "Leta tu, karatasi zinafuata" ndiyo sentensi ghali kuliko zote katika biashara hii. Ukileta, hati ya kupokea mizigo isainiwe kwa jina, cheo, tarehe na muhuri. Kamati ya ukaguzi na upokeaji ikague na itoe cheti chake, na stoo ikupe S13, yaani hati ya stoo kwamba mzigo umepokelewa. Ankara itoke eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za mtandaoni. Fungasha hizi pamoja na LPO, peleka kwa mhasibu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Faili likipotea, na hupotea, nakala hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Tazama pia kalenda. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Mzigo ulioshushwa wiki ya mwisho ya Juni mara nyingi huishia kwenye orodha ya madeni ya mwaka uliopita, na orodha hiyo huenda polepole. Ukiweza, maliza kabla ya Mei. Ukipita Juni bila kulipwa, andika barua kuthibitisha deni lako limeingizwa kwenye orodha rasmi. Kifungu cha 140 cha Sheria ya Ununuzi kinakupa riba kwa malipo yaliyochelewa kama mkataba haukusema vingine, kwa hiyo itaje kwenye barua hata kama hutarajii kuipata upesi.

Pesa za kununulia mzigo zisiwe za kodi ya nyumba wala za mkopo wa simu. Benki kadhaa hukopesha kwa LPO, na Hazina ya Wanawake na Mfuko wa Vijana nayo ina mikopo ya aina hiyo. Waulize kabla hujajaza bei, ili riba uiingize kwenye hesabu. Na kama mkataba wako ni wa kuleta vitu kwa mwaka mzima, kumbuka bei haipandishwi ndani ya miezi 12 tangu kusaini, hata mafuta yapande. Sisi tungejaza bei ya leo, tukaongeza gharama ya kungoja malipo miezi sita, ndipo tukatazama faida. Ikiwa baada ya hapo bei imekuwa kubwa mno kushindana, iache zabuni hiyo.