Kidonge kina saa zake: kwa wadogo zangu wenye ADHD mnaoanza chuo Marekani

Wadogo zangu, nawaandikia hasa ninyi wenye ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya kutulia na kuzingatia jambo kuwe kugumu, mlioitwa wavivu tangu darasa la tatu. Nami niliitwa hivyo. Nilipimwa nikiwa mwaka wa pili, nimeshafeli masomo mawili. Daktari alianza kwa kuuliza nilikuwaje kabla ya kufika miaka 12, maana ADHD haianzii chuoni. Kwa hiyo kabla ya miadi mpigie mama simu. Yeye ndiye anayekumbuka madaftari uliyopoteza.

Wengi huanzishiwa dawa ya methilifenideti, ile inayouzwa pia kwa jina la Ritalin. Ya muda mfupi hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hivi. Ya kuachia polepole hufika 8 hadi 12. Mimi muhula mzima nilimeza ya muda mfupi asubuhi, ikaniishia darasani, jioni nikabaki nakodolea ukurasa uleule. Siku niliyojiongezea saa kumi jioni, adhana ya alfajiri ilinikuta macho. Usijipangie mwenyewe; mweleze daktari unasoma saa ngapi, akupangie. Mwambie pia kama kwenu kuna ugonjwa wa moyo. Hamu ya kula nayo hukata, kwa hiyo mimi hunywa uji kwanza, bakuli zima, ndipo nameza. Atomoksetini ni ya aina nyingine, huchukua wiki kadhaa kuonekana. Usiiache siku ya tano ukidhani haifai.

Rafiki akikuomba kimoja usiku wa mtihani, mkatalie. Kumpa tu ni kosa la jinai huku, na mwenye viza ya mwanafunzi anaweza kurudishwa nyumbani.

Kuna ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Najua neno hilo linauma. Mimi nililikwepa mwaka mzima, na najuta. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu (ADA) inakulinda: unaweza kupewa muda wa ziada na chumba kimya cha mtihani. Nenda wiki ya kwanza, kwa sababu mtihani uliokwisha kufeli hawaurudishi.

Dawa hunisaidia kutulia, lakini hainifundishi kuanza kazi. Hilo nilijifunza kwa mwanasaikolojia: kuikata insha vipande, kila kipande na saa yake kwenye kalenda. Na kukaa na mtu. Jumanne na Alhamisi nakaa maktaba na dada mmoja wa Mombasa anayesomea uuguzi. Hatusemeshani. Simu yangu inakaa kwenye mkoba wake mpaka saa tatu usiku.